Yaya, Viti Vyetu Vimepata Migongo

Mpendwa yaya Georgine, dada yangu mkubwa wa kazini,

Kabla hujaendelea kusoma, tafuta kiti cha kuegemea, ukae vizuri, miguu yote miwili ikanyage chini. Usiisome barua hii umeinama juu ya moto wa kukaushia samaki. Nina habari, yaya! Nina habari mpaka kalamu inanikimbia, na nimeshachana karatasi mbili kwa sababu kila nikianza najikuta niko mwishoni.

Nimeamua iwe barua ya wazi. Wenzetu wa kiwandani wataisikia kabla haijapanda gari la kuja kwenu Tchomia, na binti yako Imelda akikusomea kwa sauti mbele ya majirani, ni sawa tu. Uliaibishwa mbele ya watu, na mimi nilikuwa mmoja wa watu hao. Basi nitakayoyasema leo nayo yasikike mbele ya watu. Utacheka Kiswahili changu cha darasani, najua. Ulizoea kusema, “Huyu Lotsove anaongea kama katekisimu.” Cheka tu. Nimekosa kicheko chako muda mrefu.

Unakumbuka asubuhi yangu ya kwanza? Mimi na mama tulikuwa tumekimbia Djugu, tunalala kwenye hema pamoja na wakimbizi wengine pembeni mwa mji. Nikasikia kwamba Papa Dieudo anatafuta wasichana wa kushona inifomu za shule na mashuka ya hospitali. Akaniuliza kama najua mashini, nikajibu ndiyo bila kupepesa macho. Akanikalisha karibu nawe. Nilipokanyaga pedali, gurudumu lilizunguka kinyume, uzi ukakatika, na jasho likaanza kunitoka hata kabla jua halijapanda. Wewe ukainamia upande wangu kama mtu anayeokota kitu.

“Weye mutoto, haujashona hata kifungo.”

Nilifikiri utaniita mwongo mbele ya Papa Dieudo. Badala yake ukasema polepole, “Nyamaza. Angalia mguu yangu tu.”

Siku nzima niliangalia mguu wako, ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka. Ile ndiyo shule yangu ya ushonaji, sikuwa na nyingine. Jioni nilikuwa nimeunga kaptula moja, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, nawe ukaificha chini ya vipande vya nguo ili isionekane.

Tulikuwa safu mbili za mashini, na mabenchi marefu yasiyo na pa kuegemea, na meza zote kimo kimoja, kana kwamba wanawake tumefyatuliwa kama matofali. Wewe mrefu, binti wa Mahagi, ulishona umejikunja. Mimi mfupi, nilishona mabega yamefika masikioni. Lakini siku zile hatukuliona hilo kuwa jambo. Tuliyahesabu maumivu kuwa sehemu ya ufundi, kama kuchomwa na sindano. Ikifika saa sita ulikuwa unajifunga kitambaa cha kitenge kiunoni, unakivuta kwa nguvu, kisha unajilaza kwenye rundo la vipande na kutuambia, “Niachieni mugongo yangu ipumuzike kidogo. Leo imefanya kazi kunishinda miye.” Nasi tulicheka. Tulikuwa tunapakana mafuta ya mawese yaliyotiwa chumvi na kupashwa moto, wewe unanikanda mabega, mimi nakukanda kiuno, halafu tunarudi kwenye mashini tukinuka kama jikoni.

Ule mwaka shule zilipokaribia kufunguliwa, mashati meupe yalijaa hadi mlangoni. Ndipo ulipoanza kupunga mkono wa kulia hewani kama unafukuza nzi. Ukaanza kuniomba nikutungie uzi kwenye sindano. Mwanzoni nilidhani ni macho. Siku moja ukaninong’oneza kwamba vidole vinalala, vinakuwa kama vya mtu mwingine, na kwamba hata sahani inakuponyoka nyumbani. Nikakutungia uzi asubuhi, nikakutungia mchana. Nilifanya hivyo miezi miwili, yaya. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Mkasi mkubwa ukakuponyoka, ukaanguka kwenye sementi. Ukaanguka tena. Kisha kola za mashati zikaenda upande, na mzigo mzima ukarudishwa na shule. Papa Dieudo akakuita katikati ya safu zetu.

“Mama Georgine, nini inakupata?”

“Mukono inalala, Papa. Na mugongo inawaka kama moto.”

“Mugongo!” akasema. “Batu banalima, banabeba makaa, banavunja mawe. Weye unakaa mu kivuli tangu asubuhi. Kazi ya kukaa inachokesha nani?”

Wengine wakacheka, kile kicheko cha hofu. Akanigeukia mimi kwa kuwa nilikaa karibu nawe.

“Lotsove. Iko mugonjwa kweli, ao iko muvivu?”

Nilikuwa na shati mkononi. Naliona hadi leo, kifungo cha tatu kutoka juu. Nilimfikiria mama yangu kule kwenye hema, nikafikiria kurudi kusimama mlangoni kwa watu nikiomba kufua. Nikasema, “Mi sijue, Papa.”

Hukuniangalia. Ulitoa tepu ya kupimia shingoni, ukaikunja taratibu kwa mkono wa kushoto, ukaiweka mezani, ukatoka. Kesho yake nilikuja kwako Mudzi Pela, nikamkuta jirani anafagia. Akaniambia umepanda gari la alfajiri kwenda kwa Imelda, Tchomia. Mtaani wengine walisema umerogwa na mtu aliyeutaka ufundi wako. Wengine wakasema umechoka kazi. Mimi sikusema kitu tena. Ilikuwa mara yangu ya pili kunyamaza.

Sasa sikiliza, yaya, ndiyo naanza kuikaribia habari yenyewe.

Miezi michache baadaye shingo yangu ikakataa kugeuka. Mtu akiniita kutoka nyuma, nilizunguka mwili mzima kama kabati linalohamishwa. Kwenye moto, zile pikipiki za abiria, sikuweza kuangalia kama kuna gari linakuja upande. Vidole vikaanza kulala, vidole vilevile, mkono uleule. Nilipoangusha mkasi kwa mara ya kwanza, niliuangalia pale chini na kusema kwa sauti, “Yaya Georgine.” Mama Antoinette wa matundu ya vifungo akadhani umeingia.

Nilikwenda hospitali. Wakanipa vidonge, lakini muuguzi mmoja akasema nimwone mukine. Ndivyo wanavyowaita wale wanaotibu misuli na viungo kwa mikono na mazoezi. Nikamkuta msichana mdogo kuliko mimi, jina lake Rehema, ametoka masomoni Kisangani. Nilingoja anishike shingo. Hakuishika. Alinisogezea kigoda.

“Nionyeshe namna unakaa ku kazi.”

Nikakaa, nikainua mabega, nikainamisha kichwa, nikaanza kukanyaga pedali isiyokuwepo. Akanizunguka, akiniangalia kwa makini kama fundi anayekagua mshono.

“Muko ngapi mule?”

“Makumi tatu na kitu.”

“Na benye banaumwa?”

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, halafu nikaacha. “Uniulize benye habaumwi. Hao njo nitabahesabu mbio.”

Hakucheka. Aliandika. Kisha akanieleza kwamba mwili wa mtu umeumbwa kwa kujongea, na ukiufunga mahali pamoja, umeinama, unarudia tendo lilelile tangu asubuhi mpaka jioni, misuli inakaza na njia za fahamu zinabanwa, mpaka vidole vinakufa ganzi. “Hiyo haiko bulozi,” akaniambia. “Haiko buvivu. Ni meza.”

Ni meza! Yaya, nilitoka pale nikitembea kama mlevi. Nilitaka kupiga kelele barabarani. Meza zile tulizozipangusa vumbi kila asubuhi!

Wiki iliyofuata Rehema alikuja kiwandani. Papa Dieudo alimpokea kwa tabasamu akidhani ameleta kazi ya mablauzi ya hospitali. Msichana akasimama pembeni asubuhi nzima, anaangalia tu. Mwishoni akamwambia Papa Dieudo kwamba kila mwanamke anahitaji kiti chake na kimo chake cha meza, na kwamba tunapaswa kusimama mara kwa mara tujinyooshe. Papa Dieudo akacheka mpaka akafuta macho.

“Nishone inifomu, ao nifungue shule ya dansi?”

Akamsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote, na jambo likaishia hapo. Nilifikiri limeishia hapo.

Siku chache baadaye, tulipoitwa kwenda kula, Mama Antoinette hakuinuka kwenye benchi. Alijaribu, akatabasamu, akajaribu tena. Miguu ilikuwepo, kiuno kilikataa. Wawili wetu tukamshika makwapani, tukamwinua kama gunia la maharage, naye analia bila sauti, ameona aibu. Papa Dieudo akasogea. Nikaona mdomo wake unafunguka, na nikajua neno linalokuja.

“Kazi ya kukaa…”

Nikasimama. Yaya, sauti iliyonitoka ilikuwa ya mbuzi.

“Papa, kaa basi.”

“Nini?”

“Kesho asubuhi. Kaa ku mashini ya yaya Georgine, ushone mpaka saa sita. Ukisimama bila kushika kiuno, siye wote tutanyamaza.” Na kwa kuwa mdomo ulishafunguka, nikamalizia: “Na yaya Georgine alikuwa anaumwa. Nilijua. Njo miye nilikuwa namutungia uzi. Uliniuliza hapa, mbele ya bote, na nilikudanganya.”

Nikaona wenzetu wanasimama mmoja mmoja kando ya mashini zao. Hatukuwa tumepanga, nakuapia. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kumweleza mama namna nilivyofukuzwa. Aliyeniokoa ni Mama Vérona, mke wa Papa Dieudo. Alikuwa kwenye meza ya kukatia, akaweka mkasi chini, akasema kwa upole kabisa: “Kaa, baba. Ni kazi ya kukaa tu.”

Unamjua Papa Dieudo na kiburi chake. Zaidi ya hayo, aliwahi kuwa fundi wa nguo ujanani, kwa hiyo asingekubali ionekane ameogopa cherehani. Kesho yake alikuja amevaa tai! Akakaa mahali pako, akakunja mikono ya shati, akaanza.

Saa ya kwanza alipiga mluzi. Saa ya pili tai ilikuwa juu ya dirisha. Unajua yeye ni mrefu kama wewe, kwa hiyo magoti yalikuwa yanagonga meza kwa chini, tunasikia ko, ko, ko. Akaanza kuhamisha uzito kutoka tako hili kwenda tako lile. Simu ikalia, akataka kutoka nayo nje, Mama Vérona akasema, “Bado.” Akaipokea palepale ameinama. Lazima niseme ukweli, kaptula alizoshona zilikuwa nzuri. Kengele ya kanisa ilipogonga saa sita, akaweka mikono mezani, akajisukuma, akafika nusu. Akabaki nusu.

“Nzambe na ngai!” akamlilia Mungu wake kwa Kilingala.

Tulicheka, yaya! Tulicheka mpaka wengine wakaketi sakafuni. Mama Antoinette alicheka huku ameshika kiuno chake mwenyewe. Halafu mmoja akanyamaza, na mwingine, kwa sababu Papa Dieudo hakuwa anakasirika. Alikuwa anauangalia mkono wake wa kulia, anaufungua na kuufunga.

“Georgine alikaa hapa miaka ngapi?”

“Kumi na mbili, Papa.”

Alitoka, akazunguka uwanja polepole, mkono kiunoni, akipita mbele ya madirisha yote, nasi tukamwangalia. Mchana uleule alituma mtu kumwita mukine.

Ukiona kiwanda sasa! Seremala alikuja na mbao, akainua meza za warefu kwa vigogo, akashusha za wafupi. Rehema alitupima mmoja mmoja, kutoka goti mpaka chini, kutoka kiwiko mpaka paja. Siye tuliopima watu maisha yetu yote, leo tunapimwa! Mama Antoinette alisimama mikono juu akasema, “Leo njo siye nguo.” Viti vimepata migongo, yaya. Kila kiti na jina la mwenyewe limechorwa kwa chaki chini yake. Mashini zimegeuzwa kuelekea madirishani, hatushoni tena kwenye vivuli vyetu. Na hakuna anayefungwa siku nzima kwenye kazi moja: unashona, kisha unasimama kukata, kisha unapiga pasi, kisha vifungo.

Tena wamening’iniza rimu ya gari kwenye mti uwanjani. Ikigongwa, wote tunainuka, tunanyoosha mikono juu, tunazungusha mabega, tunageuza shingo, tunatembea mpaka ukutani na kurudi. Mara ya kwanza madereva wa moto walisimama barabarani kututazama, mmoja akauliza kama tumeokoka. Na Papa Dieudo hunyoosha naye, tai inapanda na kushuka.

Sitakudanganya kwamba sasa ni paradiso. Wiki za mwanzo nguo zilipungua, na Papa Dieudo alikuwa ananung’unika akipita. Pedali bado ni nzito. Shule zikikaribia kufunguliwa, rimu wakati mwingine inasahauliwa, mpaka mmoja wetu aende kuigonga mwenyewe. Mama Antoinette anatembea na fimbo na huenda asiiache. Lakini anainuka peke yake! Na kola hazirudishwi tena. Papa Dieudo mwenyewe amekiri kwamba zile kola zako hazikuharibiwa na uvivu.

Na sasa shika kiti. Anataka urudi. Si kukanyaga pedali. Anataka uwafundishe wasichana wapya namna ya kukaa, namna ya kushika nguo, namna ya kukata, wao wakishika mkasi nawe ukisema. Nilimwambia akuandikie mwenyewe. Alikaa na karatasi siku mbili, na nimeambatanisha alichoandika. Ni mistari mitatu na amefuta mara nyingi. Sijui utaonaje ukiisoma. Una haki ya kuichoma.

Nilimuuliza Rehema kuhusu mkono wako. Hakuniahidi. Alisema mkono uliolala muda mrefu namna hiyo unaweza usiamke wote, lakini anataka kuuona, na kwa sasa usiinue mabeseni ya samaki, acha Imelda ainue.

Hayo ndiyo ya kiwandani. Yangu ni mafupi. Nilikukosea, yaya. Ulinificha nilipokuwa sijui kitu, nami nikakuacha wazi nilipojua kila kitu. Nimelisema mbele ya Papa Dieudo, na wenzetu wote walisikia, lakini wewe hukuwepo, kwa hiyo naliona kama bado sijalisema. Nisamehe. Sikuombi ujibu haraka.

Nilikuwa nimeamua kutokuandikia mpaka nitakapopata maneno mazuri. Kilichonibadilisha ni Mama Brigitte, yule muuza samaki wakavu anayekuja kutoka kwenu kila wiki. Jana nilikuwa nachagua samaki sokoni, akaniangalia, akasema, “Kumbe unageuza shingo? Basi Georgine ataacha kunisumbua.” Nikamuuliza namna gani. Akaniambia alikusimulia ugonjwa wangu zamani, na tangu siku ile, kila akipita kwako kuchukua samaki, unamuuliza: “Shingo ya Lotsove iko namna gani?” Kila wiki! Naye hakuwahi kunifikishia, alidhani ni salamu tu.

Nililia palepale, samaki mkononi, na Mama Brigitte akadhani nalilia bei.

Basi jibu ni hili, yaya. Shingo inageuka. Kushoto inageuka, kulia inageuka. Mwambie Imelda aweke chai, barabara imetulia wiki hizi, na Jumamosi nakuja na gari la Mama Brigitte, mimi pamoja na Rehema. Simama nje unione ninavyofika. Nitakuwa naangalia pande zote mbili za njia, nikikutafuta.

Mdogo wako wa benchi moja,

Lotsove